Mwalimu Asumpta Yuko Darasani

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani, ambako serikali huwapenda sana watu wake, huwapenda hata wakikataa. Katika nchi hiyo palikuwa na chuo kikuu kimoja tu. Mabweni yake yalivuja, vyoo vyake vilipigiliwa misumari, na wahadhiri walikuwa wamegoma muda mrefu hata baadhi yao wakasahau walichokuwa wakifundisha. Watu walipoomba chuo kitengenezwe, serikali ilisikia, maana kule husikia kila kitu, hata vya ndani ya nyumba. Ikamtuma Waziri wa Elimu ya Juu na Anga, Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Hiladi Nganyanga, atafute ufumbuzi. Mheshimiwa alijifungia na wataalamu wake kwenye hoteli ya ufukweni mpaka ufumbuzi ukapatikana, nao ulikuwa mwepesi ajabu. Chuo kikihamia mtandaoni, paa halitavuja tena.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya uzinduzi, amevaa joho juu ya suti, jasho linamtiririka, "wakoloni walijenga ukuta kati ya mwanafunzi na maarifa. Leo tumeubomoa ukuta huo, na paa lake, na sakafu yake. Kuanzia sasa chuo hakina mahali. Kwa hiyo kiko kila mahali."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wamewaomba. Majengo ya chuo yakawa maghala ya mbolea ya mkwe wa Mheshimiwa, na paa likazibwa wiki hiyohiyo, maana mbolea haitaki maji.

Ndipo ukaja Mpango wa Kuboresha Ufundishaji kwa Mtandao. Kitu kikiboreshwa lazima kipimwe, na katika elimu yote kilichoonekana kupimika kwa urahisi ni mahudhurio. Kila mwanafunzi akapewa kishikwambi chenye jicho, na jicho lile lilitakiwa kuuona uso wake tangu somo linapoanza mpaka linapokwisha. Anayekwenda kukojoa anafutiwa muhula. Wanafunzi, watu wenye watoto na mashamba, wakaanza kuweka picha zao mbele ya jicho, wakaenda zao kulima. Chuo kikagundua. Wengi waliogopa watafukuzwa, lakini wakubwa walipotazama takwimu wakakuta mahudhurio yamejaa pomoni, hayajawahi kuwa hivyo tangu uhuru. Wakaipa picha ile jina la Sura Mbadala, wakaamuru kila mwanafunzi awe nayo, nyuma iwe na rangi ya bluu, na asicheke. Wahadhiri nao wakajirekodi mara moja, wakaenda kufuga kuku. Basi ikawa kanda inafundisha picha, na picha zinasikiliza kwa nidhamu ambayo chuo chochote duniani kingeionea wivu. Wageni walitoka ng'ambo kuja kujifunza kwao.

Gaspari Likwata wa kijiji cha Lihumbe hakuwa na habari na mambo hayo. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo ya vyoo, na shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipotaka mtu wa kushika jembe. Lakini mkewe, Asumpta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu walizoea kumtania Gaspari kwamba ameoa ubao na chaki, akikosea kusalimia atatandikwa. Hawakujaliwa mtoto. Watoto wa Lihumbe wote walikuwa wa Asumpta kwa namna fulani, maana hakuna aliyejua kusoma pale kijijini ambaye hakufundishwa naye.

Ikatoka amri kwamba mwalimu wa msingi asiye na shahada atafute kazi nyingine. Asumpta, mama mwenye mvi, akawa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Lihumbe nzima mtandao ulikamata mahali pamoja tu, juu ya tangi la maji la shule. Tangi hilo lilizinduliwa na viongozi watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja na utepe wake, na tone la maji halijawahi kuingia humo. Asumpta alifunga kishikwambi chake kule juu pamoja na kibamba cha sola, akasimamisha na Sura Mbadala yake mbele ya jicho kama wenzake wote. Angeweza kuishia hapo. Shahada ingekuja yenyewe, kama ilivyokuwa inawajia wengine huku wanapalilia. Lakini yeye kila akitoka darasani kwake alipanda ngazi ile ya chuma, akakaa juani pembeni ya picha yake, akasikiliza.

Gaspari alimkataza. Alimwambia ngazi imeliwa na kutu, na kwamba wenzake wote wako mashambani na shahada watapata.

"Likwata," alimjibu, "hao wanataka cheti. Mimi nataka kujua."

Siku ngazi ilipokatika, kanda ilikuwa ikieleza namna ya kumfanya mwanafunzi wa mbali ajione yuko karibu. Picha za wanafunzi wenzake zilikuwa zimetazama mbele, hakuna hata moja iliyopepesa jicho. Asumpta aliangukia mawe ya msingi wa tangi. Wakambeba kwa machela ya kitanda kuelekea hospitali ya wilaya, akakata roho njiani, kichwa chake kikiwa mikononi mwa mdogo wake Deodata, fundi cherehani. Kule juu, Sura Mbadala iliendelea na masomo.

Wakubwa walisema ngazi ilikatika. Gaspari alisema haikukatika siku ile. Ilikatika siku walipoagiza chuma kinene, kikaja chembamba, na kila aliyekipokea akatia chake mfukoni akaondoka. Alisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu, na watu wakatazama kando.

Asumpta akalazwa chumba cha maiti hospitalini. Gaspari akarudi Lihumbe akachimba kaburi la mkewe mwenyewe, na kila aliyekuja na sepetu kumsaidia alimrudisha. Watu wakatandika mikeka, wanawake wakawasha moto wa msibani, maana pale msiba hauanuliwi mpaka maiti imezikwa. Yeye akaenda bomani kuchukua kibali cha kuzika, kwa sababu katika nchi ile kufa ni ruhusa lakini kuzikwa ni kwa kibali.

Karani wa vibali alikuwa Bwana Chiwinga, kijana mnene, mwenye adabu nyingi sana. Alimpa pole, akamwekea kiti, akabonyeza jina la marehemu kwenye mashine yake. Akabonyeza tena.

"Mzee wangu," alisema, "marehemu wako yuko darasani."

"Yuko chumba cha maiti. Nimetoka kumwona."

"Hapa anaonekana. Tena anasikiliza vizuri."

Akamgeuzia kioo. Gaspari akamwona mkewe katikati ya nyuso nyingine nyingi, nyuma yake bluu, amebana midomo kama alivyoibana siku ile mpiga picha alipomkataza kucheka. Alikuwa hajamwona kwa sura ile tangu kifo.

"Ile ni picha, bwana."

"Mzee, hata kwenye kitambulisho chako kuna picha, na umeniambia ni wewe. Nikatae?" Bwana Chiwinga akasogea karibu kama mtu anayetaka kusaidia. Sheria, alieleza, haimruhusu mtu kuwa mwanafunzi na marehemu kwa wakati mmoja, kwa sababu mashine moja inatoa chakula cha takwimu kwa mashine nyingine, na zikipishana wilaya inapata alama nyekundu. Chuo kimwondoe kwanza darasani. Akiondolewa tu, kibali anakipata palepale, na yeye Chiwinga mwenyewe atakuja kuzika.

Gaspari akauza baiskeli, akapanda lori la mihogo kwenda mji mkuu.

Chuo kisicho na mahali kilikuwa na ofisi moja, kwenye ghorofa ya ileile hoteli ya ufukweni. Aliyekuwemo ni Dakta Fulgensi Mbilo, Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Mahudhurio. Alikuwa mtu mpole, na alimsikiliza Gaspari mpaka mwisho bila kumkatiza, akilamba kidole na kukusanya makombo ya keki kwenye sahani.

"Pole sana, baba," alisema. "Lakini tuutazame na upande wa pili. Tangu siku hiyo unayosema amefariki, mahudhurio ya mama yamekuwa mazuri kuliko zamani. Huko nyuma alikuwa anatusumbua kidogo. Anaingia mbele ya picha yake, anakohoa, anauliza maswali."

Gaspari akauliza kama kuuliza maswali chuoni ni kosa.

"Siyo kosa. Ila anamwuliza nani, baba? Ile ni kanda."

Kumwondoa alisema haiwezekani. Wageni wanaogharamia Mpango walikuwa karibu kuja, na walitaka kuona darasa lililojaa. Uso mmoja ukitoka panabaki tundu jeusi kwenye kioo, na mgeni jicho lake likishakwenda kwenye tundu haliangalii tena kitu kingine. Njia zilizobaki ni mbili tu, ahitimu au afeli. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Akifeli, chuo kitamfukuza mara moja, na mumewe atakuwa huru kumzika.

"Mrudie nyumbani umsaidie afeli," alisema Dakta Mbilo, akamsindikiza hadi mlangoni, akamfungulia kwa mkono wake.

Kwanza Gaspari alijaribu njia ya mkato. Jirani walimfungia ngazi ya mianzi, akapanda juu ya tangi, akaing'oa ile picha mbele ya jicho. Kwenye kioo hakikubadilika kitu. Mpango ulikuwa umeboreshwa tena: uso ukiondoka, mashine inajazia yenyewe uso wa mwisho iliyouona, isije ikamwaibisha mtu. Akaweka kiganja, akaweka kofia yake, mwishowe akaweka uso wake mwenyewe, wenye ndevu za msiba. Mashine ikamwandikia: Karibu tena, Asumpta.

Basi ikabaki mtihani. Siku yake ilipofika Gaspari alikaa juu ya tangi, kishikwambi kwenye magoti, na Deodata amesimama chini ameshikilia ngazi. Swali lilikuwa moja, lililowataka watahiniwa waeleze manufaa ya ujifunzaji wa kidijitali kwa mwananchi wa pembezoni, kwa mifano. Gaspari alilisoma taratibu, midomo ikicheza, akalisoma tena.

"Shemeji, andika upuuzi tu," Deodata alimwambia kutoka chini. "Si unataka afeli?"

"Upuuzi nitautoa wapi, shemeji, na mimi sikusoma?"

Deodata alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, halafu akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Gaspari akaandika alichokuwa nacho. Aliandika kwamba mkewe amekufa. Kwamba alikuwa akipanda hapa kila siku kwa sababu alidhani huku juu kuna elimu. Kwamba ngazi ilikuwa mbovu na wenye ngazi wanajulikana. Kwamba maiti haipendi kungoja, na kaburi lake limeanza kujaa maji ya mvua, na yeye hulichota kila asubuhi kwa ndoo. Mwisho akaandika kwamba Waziri ni muuaji, akatafuta herufi kubwa, akairudia sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Akashuka akiwa na uhakika kwamba hakuna mtu aliyewahi kufeli vizuri kama yeye.

Matokeo yalisomwa redioni. Mwalimu Asumpta Likwata wa Lihumbe alikuwa wa kwanza nchi nzima.

Ilikuwa hivi. Watahiniwa wengine wote walikuwa wameandikiwa majibu na mashine, tena mashine moja, na majibu yao yalifanana hadi kwenye nukta. Mashine ya kusahihisha nayo ilifundishwa kazi moja tu, kukamata wanaoigiliziana. Ikawaangusha wote, ikabaki na karatasi moja isiyofanana na nyingine yoyote, ikaipa alama zote. Binadamu hakusoma hata mstari. Chuo kikawapandisha waliobaki kwa msamaha wa kitaifa, na Mheshimiwa Waziri akatangaza kwamba mwanamke huyu wa kijijini ni ushahidi hai wa Mpango.

Gaspari hakujali sifa. Alichoona ni kwamba mlango wa kuhitimu umefunguka badala ya ule wa kufeli. Amehitimu, si ametoka darasani? Akaenda bomani mbio, wakamwambia asubiri mahafali, asivuruge utaratibu.

Mahafali yalifanyika hewani, na kila wilaya iliwekewa kioo kikubwa ukumbini ili wananchi washuhudie. Umeme wa wilaya haukutosha kioo kile na taa zake, kwa hiyo ulikatwa kwingine kote na kuletwa pale. Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu. Alisema taifa haliwezi kukiacha kipaji kama hiki kipotee, na kwamba kuanzia saa hiyo Mwalimu Asumpta ameajiriwa kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Atafundisha kwa Sura Mbadala yake, na sauti atatengenezewa. Wataalamu, alisema, walikuwa wamemchunguza wakaona ana sifa zote za mhadhiri wa kisasa. Hajagoma hata mara moja. Hajadai nyumba.

Kisha Gaspari akasimamishwa mbele ya kioo atoe shukrani kwa niaba ya familia. Alivaa koti lake la harusi. Bwana Chiwinga alikuwa ameshamnong'oneza mlangoni kwamba mambo sasa yamepanda ngazi, kwani mtumishi wa umma hawezi kufa bila kuachishwa na Katibu Mkuu, na Katibu Mkuu yuko safarini.

"Naomba nimzike mke wangu," alisema Gaspari. "Sitaki kingine. Shahada ichukueni, na kazi ichukueni. Nipeni mwili wake nikauzike."

Ukumbini watu walimsikia. Nchini hawakumsikia, kwa sababu mtambo ulikuwa na adabu yake, na chini ya uso wake wenye machozi palipita maneno yaliyosomeka vizuri: Familia inamshukuru Mheshimiwa kwa fursa hii. Kioo kikajaa makofi ya picha.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitali. Mtunza maiti alimkuta njiani, kabla hajafika mlangoni, akamshika mkono. Umeme ulikatwa tangu juzi, alisema, kioo kilipoanza kujaribiwa. Majokofu yakazima, na joto hili mnalijua. Halmashauri ikaleta lori, ikawachukua wote wasio na kibali.

"Wamewapeleka wapi?"

"Kwenye machimbo ya kifusi, mzee. Sijui upande gani. Greda limeshapita."

Gaspari alifika machimboni akakuta uwanda mwekundu uliosawazishwa vizuri, kazi ya watu wanaojua kazi. Alitembea juu yake huku na huku mpaka akaogopa kukanyaga. Akavua viatu. Halafu akarudi Lihumbe navyo mkononi.

Msiba ulikuwa bado umekaa. Mikeka imechakaa, kuni zimekwisha, wengine wameugua kwa baridi ya usiku, lakini hakuna aliyeondoka, maana kaburi lilikuwa wazi na kaburi haliachwi wazi. Akawaeleza. Wanawake walilia upya. Ni Deodata aliyesema lile lililokuwa kwenye vichwa vya wengi: kwao, mtu akichukuliwa na mto au akifia vitani asionekane, huzikwa mgomba badala yake, ili aliyekufa ajue pa kurudi na waliobaki wapate kwenda nyumbani. Gaspari aliitikia kwa kichwa.

Wakakata mgomba wa kimo cha Asumpta. Deodata akauosha kama anavyooshwa mtu, akauvika kanga ya dada yake, ile ya njano. Katekista akasoma sala bila kukwepa neno. Gaspari alichota maji ya mwisho kaburini, akashuka mwenyewe kuupokea mgomba mikononi, akaulaza ubavu, na alipoulaza ndipo akalia kweli, kilio cha mtu mzima kisicho na haya. Wakafukia. Mikeka ikakunjwa, moto ukazimwa.

Majivu yalikuwa hayajapoa gari la serikali lilipofika. Bwana Chiwinga alishuka na askari na mtu wa kamera. Ilikuwa imeripotiwa kwamba mtumishi wa umma amezikwa bila kibali. Alisikitika sana, alisema, lakini yeye ni karani tu, na akaagiza kaburi lifukuliwe. Hakuna mwanakijiji aliyekubali kushika jembe, ikabidi askari wachimbe wenyewe, na walichimba vibaya, wakizibomoa kingo. Wakafika kwenye kanga. Wakaifungua. Mtu wa kamera akapiga mgomba picha, kwa mbele na kwa ubavu.

Bwana Chiwinga aliinama shimoni, akatazama muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umenawiri kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Mnaona sasa," aliwaambia watu, kwa upole uleule. "Kaburi limefunguliwa na Mwalimu Asumpta hayumo."

Redio ilitangaza jioni hiyohiyo. Uchunguzi huru umethibitisha kwamba mhadhiri bora wa taifa yu hai, na kwamba wanaoeneza habari za kifo chake wanatumiwa na maadui. Gaspari alipewa onyo, hakufungwa, kwa kuwa serikali ile huwapenda watu wake. Mgomba ulichukuliwa kama kidhibiti, pamoja na kanga yake, ukafungwa nyuma ya gari kwa kamba.

Vumbi lilipotulia watu wote walikuwa wamesimama palepale, hakuna aliyejua kama aende nyumbani au atandike mkeka upya. Gaspari alizunguka lile shimo, akakanyaga udongo wa kingo pale ulipobomolewa, akaona linatengenezeka.

"Shemeji," alimwuliza Deodata, "dada yako aliacha kanga ngapi?"

Akachukua panga, akaingia migombani.